Bolti Isiyotaka Kufunguka



Siku hizi wababa wengi wa jamaa hawapeleki motokari yao kwa fundi kwa kila jambo dogo. Wanunua spana chache, wajifunza kumwaga mafuta ya injini, kubadili chujio, kufungua pampu ya maji. Na watoto wao wakubwa wasimama karibu, wakishika taa na kutazama. Twaona desturi hii ni njema. Yaokoa fedha ya nyumba, nayo yamfundisha mtoto kwamba kitu kilichotengenezwa na watu chaweza kueleweka na watu. Lakini yuko adui mmoja mdogo anayewashinda wengi, hata wenye mikono hodari, naye ndiye tutakayemzungumzia leo: bolti iliyokataa kufunguka.

Pengine mtu atacheka, aseme: Je, bolti moja yafaa kuandikiwa ukurasa mzima? Naam, yafaa. Bolti yenyewe ni kitu cha bei ndogo sana. Lakini ikikatika, nusu ikabaki ndani ya kichwa cha injini, motokari yasimama. Na katika jamaa nyingi za kwetu motokari ndiyo inayopeleka mihogo sokoni, ndiyo inayokimbia usiku na mgonjwa, ndiyo inayolipa ada za shule. Basi kwa kosa la nusu dakika, nyumba nzima yaweza kukaa majuma mawili bila chakula chake cha kawaida. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni haraka ya mkono mmoja tu.

Kwa nini bolti hushikamana

Kwanza tujue bolti ni nini. Ni shina la chuma lenye kichwa, na juu ya shina hilo imechongwa hesi, yaani mstari unaolizunguka tangu chini hata juu kama njia inavyozunguka mlima. Ukikaza bolti, kichwa chake hugota juu ya chuma, na shina huvutika kidogo sana, kama uzi wa mpira unavyovutwa. Kule kuvutika ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Bolti nzuri ni kamba iliyovutwa. Haishiki kama gundi.

Lakini tazameni ajabu hii. Mtu akikaza bolti kwa nguvu mia, karibu hamsini huliwa na msuguano ulio chini ya kichwa, na karibu arobaini huliwa na msuguano wa hesi. Ni kumi tu zinazobaki kulivuta shina. Ndiyo maana bolti haifunguki yenyewe, ijapokuwa injini yatikisika mchana kutwa. Ndiyo maana pia, ukitaka kuifungua, adui wako mkubwa ni msuguano wa mahali pawili: chini ya kichwa, na ndani ya hesi. Mkumbuke jambo hilo, kwa kuwa dawa zote tutakazotaja zaelekea mahali hapo pawili.

Magonjwa manne

Mganga mwenye akili hampi mgonjwa dawa kabla ya kuuliza amepatwa na nini. Vivyo hivyo bolti. Twayajua magonjwa yake makubwa manne.

La kwanza ni kutu. Maji na hewa vikikutana na chuma, chuma hugeuka kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo katika hesi, ambamo nafasi ilikuwa nyembamba kama unywele, kutu huvimba na kubana kila upande. Motokari nyingine zinazofika kwetu zimetumika kwanza Ulaya, na huko, wakati wa baridi, hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huharakisha kutu sana. Motokari yaweza kung'aa juu, rangi yake safi, na chini yake bolti zote zimekwisha kuliwa.

La pili ni kukutana kwa metali mbili. Injini nyingi za siku hizi zina kichwa cha alumini, lakini bolti zake ni za chuma cha pua. Mahali penye unyevu metali hizo mbili hugeuka kama betri ndogo, na alumini huliwa. Huzaa unga mweupe, nao hujaza hesi na kuzibana kama saruji.

La tatu ni kukazwa kupita kiasi. Fundi aliyetangulia alidhani kwamba kukaza sana ni kukaza vema. Mara nyingi twaona ugonjwa huu katika bolti iliyo chini ya injini, ile ya kumwagia mafuta.

La nne ni gundi. Bolti nyingine hupakwa kiwandani gundi maalum, ili mtikisiko usizilegeze. Gundi iliyo kali kabisa hailegei mpaka ipate joto la kadiri ya nyuzi 250 za sentigredi. Kumwaga mafuta juu yake ni kazi bure.

Kabla ya kuvuta

Sasa msikimbilie spana. Yako mambo matano ya kutazama.

Kwanza, usalama. Mtu asiingie kamwe chini ya motokari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, ile ambayo mafundi wetu huiita kriki. Aweke stendi za chuma. Matofali hayafai, kwa maana tofali hupasuka bila kuonya. Na anayevuta bolti ngumu huitikisa motokari nzima. Ndiyo saa ambayo jeki huteleza.

Pili, upande. Ukiitazama bolti kichwani, kuilegeza ni kuizungusha kinyume cha mishale ya saa. Kila mtu asema alijua hayo. Lakini mtu akilala chali chini ya injini, au akiishika bolti kwa nyuma, mkono humdanganya, naye hukaza alichokusudia kulegeza. Tena ziko bolti chache zenye hesi ya upande wa kushoto. Wanafunzi wazitazame katika baiskeli: pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia.

Tatu, kipimo. Motokari za Japani na za bara la Ulaya hutumia milimita. Lakini motokari za zamani za Uingereza na Marekani zilitumia inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiishika kwa spana ya milimita 13, itaonekana yaingia vizuri. Lakini ile nafasi ya sehemu tatu za kumi ya milimita yatosha kuvunja pembe za kichwa. Na kichwa kikishakuwa mviringo, taabu imezaa taabu.

Nne, namna ya spana. Kwa bolti ngumu, spana ya mdomo wazi iwekwe kando, kwa kuwa hushika pande mbili tu. Tumia soketi yenye pembe sita, isiyo na pembe kumi na mbili. Hiyo hushika kichwa pande zake zote, wala haitelezi upesi. Isukume mpaka igote chini kabisa, na iwe imenyoka sawa na bolti.

Tano, usafi. Toa matope na kutu ya juu kwa brashi ya waya. Kama kichwa kina tundu, lisafishe kwa msumari. Soketi iliyokaa juu ya uchafu haikushika bolti, imeushika uchafu.

Dawa kwa utaratibu wake

Sasa twaanza dawa, nazo zapaswa kufuatana, nyepesi mbele, kali nyuma.

Dawa ya kwanza ni mafuta ya kupenya na saa za kungoja. Yako mafuta ya madukani yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Yule WD-40 anayejulikana kila mahali alitengenezwa mwaka 1953 mjini San Diego, Marekani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza maji na kuzuia kutu. Asaidia, lakini mafuta yaliyokusudiwa hasa kupenya hesi hushinda. Asiye nayo hutumia mazuti au mafuta ya taa. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vema, lakini hutengana upesi, basi sharti utikiswe kila mara, tena usikaribiwe na moto. Dawa hii yafaa kutu. Mimina jioni, rudia kabla ya kulala, rudia alfajiri. Tone moja lililopewa usiku mzima hufanya kazi kuliko kopo zima lililomwagwa na kuvutwa papo hapo.

Dawa ya pili ni nyundo. Weka fimbo ya shaba au ya chuma juu ya kichwa cha bolti, uipige kwa kipimo, mara kumi au ishirini, ikielekea sawasawa na shina. Pigo hilo huivunja kutu iliyo chini ya kichwa na katika hesi, nayo huyafungulia mafuta njia ya kuingia. Usipige kando, wala usipige alumini yenyewe, maana hupasuka.

Dawa ya tatu wengi huistaajabia: kaza kwanza. Naam, jaribu kuikaza kidogo, kadiri ya upana wa unywele, kisha uilegeze. Kutu iliyoshikamana upande mmoja huvunjika ikisukumwa upande wa pili. Ikianza kusogea, usifurahi ukaizungusha yote mara moja. Ilegeze robo ya mzunguko, uirudishe nusu ya robo, umimine mafuta, uilegeze tena. Unga wa kutu lazima upate mahali pa kwenda. Usipopata, utajikusanya mbele ya hesi na kuikwamisha bolti katikati ya safari.

Dawa ya nne ni mkono mrefu wa wenzo. Bomba likivikwa juu ya mpini wa spana, nguvu ya mtu huongezeka. Lakini hapa yafaa tupige hesabu, kwa kuwa bomba limevunja bolti nyingi kuliko kutu. Bolti ya unene wa milimita 8, yenye alama 8.8 kichwani, kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni-meta 25 hivi. Ile ya milimita 6 hukazwa kwa 10 tu. Nyutoni-meta 10 ni kama uzito wa kilo moja uliotundikwa kwenye ncha ya fimbo ya urefu wa meta moja. Sasa, mtu akivuta kwa uzito wa kilo 40 kwenye spana ya sentimeta 30, ametoa karibu nyutoni-meta 118. Akivuta vivyo hivyo kwenye bomba la meta moja, ametoa karibu 390. Je, bolti ya milimita 8 yaweza kuvumilia hayo? Haiwezi. Basi bomba ni la bolti nene, zile za magurudumu na za chini ya motokari. Bolti nyembamba za injini zisilione. Na kila unapovuta, vuta kuelekea kwako, ukiwa umesimama imara, kwa nguvu inayokua polepole. Ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilicho wazi, ili spana ikiteleza vidole visikutane na chuma.

Dawa ya tano ni moto. Chuma kikipata joto hutanuka, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Kwa hiyo, kama bolti ya chuma imekwama katika alumini, kupasha moto mahali pote huongeza nafasi. Tuipime: kwa bolti ya milimita 8, joto likiongezeka nyuzi 100, nafasi huzidi kwa kadiri ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini yatosha kuvunja ule unga mweupe. Tena bolti ikiwa bado moto, iguse kwa mshumaa: nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya hesi, ikawa mafuta mahali ambapo mafuta hayakufika.

Lakini moto una masharti. Pangusa kwanza mafuta yote ya kupenya, maana huwaka. Weka mbali petroli, mipira ya breki na nyaya. Usipashe kamwe mahali paliposafishwa kwa dawa za kusafishia breki zenye klorini, kwa kuwa joto huzigeuza hewa ya sumu. Na jueni kwamba alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, wala haiwi nyekundu kwanza kama chuma: huonekana ileile, kisha huanguka kama uji. Asiye na mazoea ya moto wa gesi amwachie fundi dawa hii ya tano.

Bolti husema kabla ya kukatika

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Yote tuliyoyasema yaweza kusomwa. Hili lajulikana kwa mkono.

Bolti haikatiki bila kusema. Ikianza kufunguka vema, hutoa mlio mkavu, ta!, kama kijiti kinachovunjika, kisha hulegea ghafula. Au hulia kwa sauti nyembamba, na kila unapoirudisha sauti hupungua. Hizo ni habari njema. Lakini pengine spana yazunguka, na hakuna mlio, na mkono wasikia ulaini, kana kwamba unapinda mti mbichi au kuvuta mpira. Kichwa kimesogea, na shina halikusogea. Maana yake ni hii: bolti yasokotwa. Chuma kimeshinda mpaka wake, nacho hakitarudi tena.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Jua limezama, mikono ina mafuta, jirani anatazama, mtoto ameshika taa naye amechoka. Kila kitu chamwambia: ongeza kidogo tu. Hapo yampasa aweke spana chini. Arudi kwenye mafuta, arudi kwenye nyundo, angoje hata kesho. Aliyesimama kwa wakati huo amepoteza usiku mmoja. Aliyeongeza kidogo amepoteza kichwa cha injini. Haraka haraka haina baraka, twawaambia watoto kila siku. Wakituona tukiitii methali hiyo wenyewe, mbele ya chuma kilichotukasirisha, hawatahitaji kuambiwa tena.

Ikiwa imekatika

Ikiwa hata hivyo imekatika, matumaini hayajaisha. Kama kipande kimetokeza nje, kibane kwa koleo ya kujifunga, au fundi aunganishe nati juu yake kwa kuchomelea. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu. Kama kimekatika sawa na uso wa chuma, sharti kitobolewe kwa keekee, na tundu liwe katikati kabisa. Tia alama kwanza kwa ncha ngumu na nyundo. Viko vyombo vya kung'oa vipande, vyenye hesi ya kushoto; lakini chuma chake ni kigumu mno, nacho hukatika kama kioo kikilazimishwa. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikitoboi tena. Basi kwa kipande kilichomo katika kichwa cha injini, shauri letu ni kwenda kwa fundi mapema. Kumlipa fundi kwa kazi nyepesi ni bora kuliko kumlipa kwa kazi iliyokwisha kuharibiwa.

Kurudisha

Wengi husahau kwamba bolti ngumu ya kesho hutengenezwa leo. Unaporudisha, safisha hesi za bolti na za tundu. Bolti iliyoliwa na kutu usiirudishe. Nunua mpya yenye kipimo kilekile na alama ileile. Izungushe kwanza kwa vidole: isipoingia kwa vidole, imeingia upande, nayo spana itaharibu hesi. Kwa bolti za bomba la moshi, paka kidogo ile grisi yenye unga wa shaba, inayovumilia joto. Mwisho, ikaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha motokari, kwa spana yenye kipimo kama ipo. Na kumbukeni kwamba hesi iliyopakwa grisi ina msuguano mdogo. Kwa hiyo nguvu ileile huvuta shina zaidi. Usizidishe.

Ninyi wanafunzi, mkitaka kujifunza jambo hili bila hasara, ombeni kwa fundi wa mtaa bolti tatu kuukuu na kipande cha chuma alichokitupa. Imoja mvunje kwa makusudi, polepole, ili mkono uujue ule ulaini tuliousema. Ya pili na ya tatu mzifungue kwa mafuta na subira. Mkono uliowahi kuisikia bolti ikisokotwa utaitambua siku nyingine, gizani, chini ya motokari ya baba, na utasimama kwa wakati wake.